Kabla ya Kupiga Plasta

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa watu: usimpime mtu kwa suti yake, subiri umjue. Leo nataka kuirudisha ilikotoka, kwenye nyumba yenyewe ya matofali na bati, na niulize swali ambalo mafundi bomba wamelitafakari kuliko wanafalsafa. Ukikarabati nyumba ya zamani, na mabomba yaliyomo ukutani ni mazee lakini bado yanapitisha maji, je, una wajibu wa kuyabadilisha?

Tusikimbilie kusema hilo ni suala la pesa tu. Pesa imo, tena nyingi. Lakini ukisikiliza watu wakibishana juu ya mabomba utagundua kwamba chini ya hesabu ya vifaa kuna ubishi mwingine kuhusu nani atakayebeba mzigo, nani aambiwe nini, na kama kitu kisichoonekana kinastahili kugharimiwa sawa na kinachoonekana. Huo ndio ubishi unaonivutia.

Nyumba ninayoifikiria iko Ivuna. Ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, chini kabisa kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Ukitoka Tunduma au Vwawa unaiacha baridi ya nyanda za juu, unateremka, na joto linakupokea. Wanasayansi wa dunia wanaijua Ivuna kwa jiwe lililoanguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938. Si kile kimondo kikubwa cha Mbozi tunachopelekwa kukiangalia tukiwa shuleni. Hiki kilikuwa cha gramu 705 hivi, na ni cha aina adimu ambayo ina maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo sasa linaitwa kwa jina la Ivuna. Watu wa bondeni wenyewe wanapajua kwa chumvi. Pale kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, waliochapisha kazi yao mwaka 1968, walionyesha kwamba watu wamekuwa wakitengeneza chumvi hapo tangu karne nyingi nyuma, karibu na karne ya 13. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Mito kama Momba na Songwe inaingia, maji yanakaa, jua linayakausha, na kilichokuwa ndani ya maji kinabaki.

Naeleza haya kwa sababu chumvi ni adui wa bomba la chuma. Mabomba tuliyorithi kutoka miaka ya nyuma, yale tunayoyaita ya GI, ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ile imewekwa makusudi ili iliwe kwanza. Maji yanapopita mwaka baada ya mwaka, zinki inajitoa kidogo kidogo na chuma kinasalimika. Zinki ikiisha, zamu inakuwa ya chuma. Maji yenye chumvichumvi yanaharakisha kazi hiyo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bomba linanenepa kwa ndani huku kwa nje likionekana lile lile. Bomba la nusu inchi linabaki na tundu ambalo penseli haipiti. Kwanza unaona maji mekundu asubuhi ukifungua koki. Kisha unaona msukumo umepungua. Kisha panatoboka, mara nyingi kwenye maungio, pale fundi alipochonga nyuzi na kuufanya ukuta wa chuma uwe mwembamba.

Baba yetu aliijenga nyumba ile mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa matofali ya kuchoma, na baadaye akaweka tanki la juu na mabomba ya ndani. Wakati huo kufungua koki ndani ya nyumba bondeni ilikuwa habari. Baba ameshatangulia mbele ya haki. Mama anaishi pale, na vyumba viwili vya uani vina wapangaji. Sisi watoto, tuliotawanyika Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, tulichanga ili nyumba ikarabatiwe: bati jipya, dari, marumaru sebuleni, rangi. Mabomba hayakuwemo kwenye orodha. Yaliingia baada ya fundi kubomoa plasta ya bafuni kufuata unyevu, akakuta bomba limevimba kwa kutu, akapiga picha na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno machache: “Bosi, hili bado linapitisha, ila limechoka. Mnaamuaje?”

Sasa sikiliza hoja, maana kila moja ina uzito wake.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya dada yetu mkubwa. Bado yanafanya kazi, alisema. Kitu kinachofanya kazi hakitupwi. Usiidharau kauli hii. Imetulea wengi wetu. Ni kauli ya watu waliovaa viatu mpaka soli ikaisha na kupeana sare za shule kutoka kwa mkubwa mpaka kwa mdogo. Pesa ya bomba jipya ina mahali pengine inapotakiwa: ada, dawa, mbolea. Mtu anayebadilisha kitu kizima kwa sababu tu ni cha zamani, huku ndugu yake ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, hajatenda wema wowote.

Lakini “bado linafanya kazi” ni kauli kuhusu leo. Haisemi chochote kuhusu mwakani, na bomba linalowekwa ndani ya ukuta linawekwa kwa ajili ya miaka ijayo. Tena kuna jambo ambalo fundi analijua na sisi tunalisahau. Katika ukarabati, bomba lenyewe mara nyingi si gharama kubwa. Gharama ni kubomoa, kuchimba mfereji ukutani, kuziba, kupiga plasta, kupaka rangi upya. Ukuta ukiwa wazi tayari, nusu ya gharama hiyo imeshalipwa. Ukiufunga halafu bomba likapasuka baada ya miaka miwili, utalipa yote mara mbili, na marumaru ulizozipendelea zitavunjwa kwa nyundo. Kwa hiyo uamuzi haukuwa kati ya kulipa na kutolipa. Ulikuwa ni kulipa lini, na nani alipe. Ukichelewesha, huenda atakayelipa si wewe. Atakuwa mama mwenye umri wa miaka sabini na kitu anayebeba ndoo kutoka kisimani, au mpangaji wa uani ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta unaovuja.

Hoja ya pili ilikuwa ya kaka yetu, na hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Alisema: “Mama anastahili nyumba inayong’aa. Bomba hataliona. Wageni hawataliona.” Ni rahisi kuiita hoja hii ya majivuno, lakini si haki. Kijijini, nyumba ya mjane ina macho mengi juu yake. Sebule yenye marumaru inatangaza kwamba mama huyu ana watoto na watoto wake hawajamtupa. Siku ya msiba au ya posa, watu wakiingia na kukanyaga sakafu safi, mama anasimama wima. Uzuri unaoonekana ni heshima, na heshima ni hitaji la binadamu kama maji yalivyo hitaji. Mimi siwezi kumwambia mtu kwamba kupendezesha nyumba ya mzazi ni ubatili.

Hapo ndipo swali la maadili linapokaza. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, na viwili vyote ni vyema, kimoja kitasifiwa na kingine hakitasifiwa kamwe, unajuaje kwamba unachagua kwa sababu ya mama na si kwa sababu ya sifa? Mtu mwenyewe hawezi kujua vizuri. Lakini kuna kipimo kimoja kidogo kinachosaidia: muulize anayehusika. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameandika, “Tusimwambie mama habari ya mabomba, ataanza kuhangaika bure.” Wengine wakaafiki kwa alama ya dole gumba. Yaani tulikuwa tunajadili maji ya mama kwenye simu zetu, na mama hayumo.

Nami nasema kosa kubwa zaidi katika mambo ya mabomba liko hapo hapo, katika lile “tusimwambie”. Kubadilisha au kutobadilisha ni la pili.

Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Roma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu kuhusu wajibu, na sehemu ya tatu ya kitabu hicho ina kisa cha nyumba. Mtu mwema anauza nyumba yake kwa sababu ya kasoro anazozijua yeye peke yake. Watu wanadhani nyumba ni salama kwa afya, kumbe sivyo. Vyumbani kuna nyoka. Mbao zake ni mbovu. Je, asipomwambia mnunuzi, ametenda dhuluma? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wa Kistoa, mwalimu na mwanafunzi wake, wabishane. Diogenes wa Babeli anamtetea muuzaji: hakusema uongo, hakumlazimisha mtu kununua, na kunyamaza si kudanganya. Anauliza, kutakuwa na upumbavu gani zaidi ya mwenye nyumba kumtuma mpiga mbiu atangaze mnadani kwamba anauza nyumba mbovu? Mwanafunzi wake, Antipater, anakataa. Kumwacha mnunuzi atumbukie katika hasara kwa kutojua, anasema, ni kubaya kuliko kukataa kumwelekeza njia mtu aliyepotea, jambo ambalo kule Athene lililaaniwa hadharani. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater. Kuficha, kwake, ni pale unapojua jambo, na kwa faida yako unataka asilijue yule ambaye lingemfaa kulijua.

Wasomaji wa pwani watakuwa wamekumbuka kisa kingine kilicho karibu zaidi nasi. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni akakuta rundo la chakula linauzwa. Akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye rundo akajitetea kwamba ni mvua iliyolipata. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuuweka huo unyevu juu, watu wauone. Sheria ya Kiislamu inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyofichwa. Angalia kwamba muuzaji yule hakulaumiwa kwa mvua. Mvua hunyesha, chumvi hula chuma, vitu huchakaa, na hakuna mwenye hatia hapo. Lawama ilikuja kwa sababu kikavu kilikuwa juu na kibichi kilikuwa chini.

Ndiyo maana naona tendo la kubomoa plasta linabadilisha hali ya mtu kimaadili. Kabla ukuta haujafunguliwa, ungeweza kusema hujui hali ya bomba, na ungekuwa mkweli. Ukishafungua, ukaona, ukapigiwa picha, huwezi tena kurudi kwenye kutojua. Kuanzia hapo una njia tatu tu. Unaweza kubadilisha. Unaweza kuacha na kusema. Au unaweza kuacha na kufunika. Njia ya kwanza inahitaji pesa, na si kila mtu anayo. Ya pili inahitaji uso tu: kumwambia mama, kumwambia mpangaji, kumwambia mnunuzi, “Bomba la bafuni limechoka, hatujaweza kulibadilisha, likianza kuvuja funga koki kuu iko hapa.” Ya tatu ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ni hiyo peke yake ninayoiona haina utetezi.

Kwa namna hii swali letu la mwanzo linapungua ukali kidogo. Maskini hana wajibu wa kufanya asichokiweza. Hakuna maadili yanayomtaka mjane auze mbuzi wake wote ili aweke bomba jipya kwa faida ya mnunuzi wa miaka 20 ijayo. Lakini ukweli hauuzwi dukani Tunduma. Kusema hali ya bomba kunawezekana kwa mwenye kipato chochote, isipokuwa pale kusema kunapopunguza bei ya nyumba au kodi ya chumba. Na hapo ndipo tunapojua kwamba tulinyamaza kwa sababu ya bei, hata kama tuliita huruma.

Mtu anaweza kunijibu kwamba haya ni makubwa mno kwa bomba la nusu inchi. Nafikiri nusu inchi ile inatusaidia kuona jambo ambalo kwa kiwango cha nchi linafichika. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Lilikuwa lengo la heshima, na visima na mabomba mengi yalijengwa. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa, na moja ya sababu ilikuwa kwamba kujenga kulikwenda mbele na kutunza kukabaki nyuma. Lipo pia suala la nchi tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti walipima matumizi ya maji katika kaya za Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka 30 baadaye wengine walirudi maeneo yale yale. Walikuta kaya zisizo na bomba zimeongeza kiasi cha maji zinachotumia, huku kaya zenye bomba zikiwa zimeshuka kutoka wastani wa lita 128 hivi kwa mtu kwa siku hadi 66 hivi. Yaani walioonekana wamefika ndio waliorudi nyuma. Watu walikuwa wameongezeka mijini, na mitandao ya maji ilikuwa imezeeka bila kutunzwa.

Kwa nini hatutunzi? Sidhani ni kwa sababu ya uvivu. Mradi mpya una siku yake: Mwenge wa Uhuru unafika, utepe unakatwa, jiwe la uzinduzi linawekwa na jina la kiongozi. Kubadilisha kipande cha bomba kilichooza hakuna jiwe. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuja kuona kwamba maji bado yanatoka kama jana. Kazi ya kutunza, ikifanywa vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea, na ni vigumu kumshukuru mtu kwa ambacho hakikutokea. Kaka yetu aliposema “bomba hataliona” alikuwa anarudia, bila kujua, mantiki ya bajeti nyingi za umma.

Na mambo haya si ya kwetu tu. Mwezi Aprili 2014, mji wa Flint katika jimbo la Michigan, Marekani, ulibadilisha chanzo chake cha maji ili kuokoa gharama, ukaanza kuchota Mto Flint. Mabomba ya mji ni yale yale ya zamani, mengine ya risasi. Maji mapya yalikuwa yanakula mabomba zaidi, na dawa ya kuzuia hali hiyo haikuwekwa. Risasi ikaingia kwenye maji ya kunywa, watoto wakadhurika. Wakazi walilalamika kuhusu rangi na harufu ya maji, na kwa muda mrefu waliambiwa ni salama. Mji ulirudi kwenye chanzo cha zamani Oktoba 2015. Ninachokiona kwenye kisa hicho ni mambo mawili. Bomba kuukuu linaweza kukaa kimya miaka mingi likiwa na maji fulani, na likageuka hatari maji yakibadilika. Kwa hiyo “halijawahi kutusumbua” si ushahidi wa kesho. La pili, kilichowaumiza watu wa Flint zaidi ya bomba lenyewe ni kuambiwa kwamba wasichokipenda kwenye glasi hakipo.

Kuna hoja ya tatu ambayo haikuandikwa kwenye kundi letu, ila nadhani wote tuliihisi. Mabomba yale aliyaweka baba. Alisimama na fundi siku nzima, alishika tochi, na maungio mengine aliyakaza kwa mkono wake. Kuyang’oa ni kama kumkosoa. Watu wengi waliorithi nyumba wanaijua hisia hii; wanakubali kubadilisha bati lakini mlango wa mzee hauguswi. Mimi nauelewa mlango. Mlango unabeba alama ya mkono wa mtu, na ukiutazama unamkumbuka. Bomba lililo ndani ya ukuta halikumbukwi na yeyote mpaka livuje. Na nikijiuliza baba alituachia nini hasa, jibu si chuma. Alituachia koki inayotoa maji ndani ya nyumba, bondeni, wakati ambapo jirani zake walikuwa hawana. Kitu hicho kitaendelea kuwepo kwa bomba jipya, na kitatoweka tukiliabudu la zamani. Heshima kwa kazi ya mzazi, mara nyingine, ni kuifanya upya pale ilipokwisha.

Basi mama akaulizwa. Dada alimpigia simu, akamweleza kila kitu: hali ya bomba, bei ya fundi, na kwamba pesa inatosha mabomba au marumaru, si vyote. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Marumaru si mtaniwekea kaburini? Hapa niwekeeni maji.” Aliyewahi kuona makaburi yetu ya siku hizi yanavyong’aa ataelewa kwamba hakuwa anatania sana. Wala hakuhangaika kama mdogo wetu alivyohofia. Kumbe maji mekundu ya asubuhi aliyaona kitambo. Alikuwa anayaacha yamwagike kwenye ndoo ya kumwagilia mchicha, na hakutaka kutusumbua. Kila upande ulikuwa unamficha mwenzake kwa upendo.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa kawaida kabisa. Njia ya maji kutoka kwenye tanki hadi jikoni na bafuni ilibadilishwa yote, kwa mabomba ya plastiki yale yanayounganishwa kwa joto, ambayo chumvi haiyali. Fundi alishauri yasizikwe tena ukutani. Yalipitishwa juu ya ukuta, yakashikwa kwa vibanio, na yale ya zamani yakaachwa ndani yakiwa yamefungwa. Sehemu inayopigwa na jua kati ya tanki na ukuta ilifunikwa, maana plastiki nayo ina adui yake. Njia ya vyumba vya uani haikubadilishwa, pesa iliishia hapo. Wapangaji waliambiwa hivyo na wakaonyeshwa koki ya kuifunga. Mmoja aliomba apunguziwe kodi mpaka itakapobadilishwa. Mama alimpunguzia. Marumaru haikuwekwa, sakafu ilisiribwa upya kwa saruji na kung’arishwa.

Kuna watakaosema mabomba yanayoonekana yanaharibu ukuta. Kweli, si mapambo. Ila nimeanza kuyaona kwa jicho lingine. Bomba lililo nje ya plasta halihitaji mwenye nyumba awe mkweli, lenyewe linasema. Likilia tone, mtu anaona siku hiyo hiyo. Fundi wa miaka 30 ijayo hatalazimika kubahatisha lilipopita wala kupiga simu kwa watu waliokwisha kufa. Na kwa yale yaliyobaki ndani, tulichora ramani ndogo kwa kalamu ya wino, na tarehe, na maneno “haya hayajabadilishwa”, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni.

Sidai kwamba ramani ile inamaliza swali. Diogenes angeicheka: familia gani inabandika kasoro za nyumba yake kabatini? Na ikiwa siku moja itauzwa, huenda karatasi ile ikatupunguzia bei. Lakini tumezoea kudhani kwamba wajibu wetu kwa watakaokuja ni kuwaachia vitu vizima, na kwa sababu vitu vizima ni ghali, tunaona aibu na tunapaka rangi juu. Tungewasaidia zaidi kama tungewaachia pia taarifa. Nyumba ya zamani haitakuwa nzima yote kwa wakati mmoja, kama ilivyo nchi na kama ulivyo mwili wa mama mwenye miaka sabini na kitu. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kwamba atakayeirithi asilazimike kubomoa ukuta ili ajue sisi tulikuwa tunajua nini.

Kwa hiyo ukiwa na nyumba ya aina hiyo, na fundi akakutumia picha, fanya hesabu zako zote. Kama uwezo upo, badilisha wakati ukuta uko wazi. Kama haupo, usijichukie. Ila kabla hujamruhusu fundi achanganye saruji, hakikisha wote wanaokunywa maji ya nyumba ile wameshaiona hiyo picha.